Mataji Akataa Kuapa

"Amekataa kuapa," alisema Inspekta Mkuu Erastus. "Mbele ya watu wote, mbele ya mungu wake mwenyewe, kaambiwa aape kwamba hakulichukua sanduku, na kakataa. Sasa wewe Mwanakheri unangoja nini? Akupikie chai ndipo umkamate?"

Inspekta Mwanakheri Mwidani aliendelea kusimama mbele ya meza. Alikwisha kuzoea kelele za mkuu wake, na alikwisha kugundua kwamba kelele hizo huzidi kila panapokuwa na tajiri aliyepiga simu. Tajiri wa safari hii aliitwa Vrajlal, mwenye duka la vyuma na rangi karibu na njia ya uwanja wa ndege, na mwenyekiti wa kamati ya hekalu dogo la Wahindi hapo Changamwe. Mabati ya nyumba mpya ya Erastus yalitoka katika duka lilo hilo. Kila askari kituoni alilijua jambo hilo, na kila askari alijifanya halijui.

"Nangoja ushahidi, afande."

"Unao! Mlinzi Musyoka kamwona Jumanne alfajiri akiingia chumba cha ndani, akapiga kengele, akatoka na kitu ndani ya nguo. Jumatano sanduku la pesa halipo. Na jana nimepata habari kwamba bibi huyo huyo aliulizia tiketi ya ndege ya Bombay. Akishapaa utamhoji kwa kupunga mkono?" Erastus alizisukuma pingu juu ya meza. "Kabla ya jua kutua nataka zimfunge mtu."

"Zitamfunga mtu," alisema Mwanakheri, akazitia mkobani.

Habari ya tiketi ilimkera, kwa sababu ilikuwa kweli. Alikwenda mwenyewe kwa wakala wa safari, na karani akamthibitishia: bibi huyo, Mataji, alifika Jumatatu jioni, akauliza nauli, akaondoka bila ya kusema neno jingine. Mtu asiye na hatia haulizi nauli ya Bombay mkesha wa wizi. Jambo hilo Mwanakheri alikuwa nalo kooni tangu jana, halimezeki wala halitemeki.

Nje ya kituo wanawake walikuwa bado wameketi. Walikuja tangu Jumatano, wa Changamwe kwa miguu, wa Bofu na Shika Adabu kwa feri, wauza mihogo, washona nguo, wasukaji makuti, wenye buibui na wenye misalaba shingoni. Erastus aliwatuma askari wawafukuze mara mbili. Kila wakifukuzwa walisogea hatua chache, wakatandika leso zao na kuketi tena, na mwenye chupa ya chai akawamiminia wenzake.

Walikuwa wanachama wa Mfuko wa Taa. Mfuko huo aliuanzisha Mataji, mjane wa Kihindi aliyeiacha dunia akavaa nguo za rangi ya zafarani, na ambaye Wahindi wa hekaluni walimfuata kama kiongozi wao wa kiroho. Kila Jumatano sanduku la chuma lilitolewa katika chumba cha sanamu ya mungu wao wa kike, Devi, likawekwa mbele ya taa inayowaka. Mwanamke mwenye shida alisimama akawaeleza wenzake anataka mkopo wa kufanyia nini. Mataji akisema "mpeni", alipewa, bila ya riba na bila ya kuweka rehani. Sanduku lilikuwa na kufuli mbili, na funguo zilikaa kwa wanachama wawili. Mataji mwenyewe hakugusa hela kwa mkono wake. Ilikuwa nadhiri yake. Na wanawake walirudisha mikopo yao kwa sababu hakuna aliyetaka kusimama mbele ya macho yale akiwa na uongo mdomoni.

Mwanakheri alimwendea mama mmoja mnene wa Bofu, aliyekuwa na ufunguo mmoja kati ya zile mbili.

"Shikamoo, Mama Mwanatatu."

"Marahaba, mwanangu. Waja kumfunga Mataji, au waja kutupa habari?"

"Naja kuuliza. Ni nani angefurahi Mfuko huu ukifa?"

Mwanatatu alicheka bila ya furaha. "Wauliza ulijualo! Kabla ya Mataji, sote hapa twalikuwa twakopa kwa Vrajlal. Mimi nalikopa nimzike mume wangu, na ile riba yake ikala mpaka kitanda nalichoolewa nacho. Wallahi, nalilala chini mwaka mzima. Sasa hatumwendei tena. Lakini nikwambie na haki yake: kwa ibada, hana mwenziwe. Duka halifunguliwi kabla hajafukiza udi na kumsujudia huyo mungu wao. Mtu kama huyo ataingia kumwibia mungu wake?"

Hapo ndipo Mwanakheri alipokuwa amekwama yeye pia.

Mwenye ufunguo wa pili, Nduku, fundi cherehani kutoka bara, alikuwa akijikuna kiganja. "Madam, kuna kitu inanisumbua, na sijui kama ni kitu."

"Sema."

"Nguo za yule mungu wao, mimi ndio nashona. Kila asubuhi Mataji anamvalisha ingine, hawezi kurudia. Sasa Jumatatu alikuwa na ya kijani. Jumanne nikapita kupeleka mpya, nikachungulia, bado ni ya kijani. Jumatano pesa zimepotea, watu wanapiga kelele, mimi naangalia tu mungu, bado ni ya kijani."

"Mbona hukuandikisha?"

"Askari alisema nguo si sanduku."

Mwanakheri alisonya. Aliyeandika maelezo yale alikuwa Erastus mwenyewe.

Hekalu lilikuwa jeupe, fupi, lenye ukumbi wa kuketi chini na, mwisho wa ukumbi, chumba kidogo chenye mlango wa nondo za shaba. Humo ndimo alimokuwa Devi. Pujari, yule kasisi wa kila siku, alikuwa Nairobi kubariki harusi, na alipoondoka alimwachia Mataji ufunguo na kazi ya ibada. Mlinzi Musyoka alisimama getini, kijana mwenye kofia kubwa kuliko kichwa chake.

"Jumanne alfajiri ulimwona Mataji kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu, madam."

"Akafanya nini?"

"Akaingia kwa mungu, akapiga kengele kama kila siku. Akatoka na kitu kwa nguo."

"Alikuwa na maua?"

"Ndiyo, maua."

"Akambadilisha Devi nguo?"

"Kama kila siku. Akamvalisha nguo mpya."

"Rangi gani?"

Musyoka aliisukuma kofia nyuma. "Nyekundu."

"Ahsante. Usiondoke hapa."

Mwongo huyu alikuwa mwongo wa bei rahisi. Hata hivyo, kumnasa mlinzi hakukutosha. Wakili yeyote angesema kijana alikosea rangi kwa sababu ya giza. Na kengele ilipigwa kweli, majirani waliisikia Jumanne na Jumatano. Kama si Mataji, basi kuna mtu mwingine aliyeingia kwa Devi, tena kwa ruhusa.

Alimkuta Mataji barazani, mahali watu wanapovulia viatu, ameketi sakafuni katikati ya kandambili na makubadhi. Mwanakheri akakumbuka kwamba Jumatano pia alimkuta hapo hapo, na Alhamisi hapo hapo. Siku zile alidhani ni unyenyekevu.

"Karibu, beti," alisema Mataji. Aliwaita hivyo wanawake wote walio wadogo kwake, yaani binti. Macho yake yalikuwa mekundu. "Umeleta pingu?"

"Ninazo. Nipe ruhusa nitazame chumba chako kwanza."

"Tazama. Hakina mlango wa siri."

Chumba kilikuwa nyuma ya hekalu. Kitanda kilikuwa kimeinuliwa na kuegemezwa ukutani. Chini palikuwa na mkeka mtupu, bila ya mto. Pembeni sahani ya wali mweupe, haikuguswa. Na kwenye rafu, taa ndogo ya shaba, ambayo wanawake wote waliapa kwamba haizimwi usiku wala mchana, ilikuwa baridi na utambi wake umekauka.

Mwanakheri alisimama akautazama mkeka ule. Baba yake alipofariki, nyumba yao ya Likoni ilitolewa magodoro yote, na mama yake na shangazi zake wakalala kwenye mikeka mpaka matanga yakaondolewa. Hakuhitaji kitabu cha Kihindi kumfahamisha anachokiona.

Alirudi barazani, akavua viatu, akaketi chini mbele ya mwanamke yule.

"Mataji, umefiwa na nani?"

Mataji alijifunika uso kwa ncha ya nguo yake.

"Kaka yangu," alisema mwishowe. "Ndiye aliyenilea. Habari ilikuja kwa simu, Jumatatu mchana."

"Kumbe ndiyo sababu uliulizia tiketi."

"Niliulizia. Kisha nikakumbuka mimi ni nani." Alilishika vazi lake la zafarani. "Siku niliyovaa rangi hii, nilifanyiwa mazishi yangu mwenyewe. Jamaa zangu walinililia, wakaniaga. Ndivyo anavyofanyiwa sanyasini, mtu aliyeiacha dunia. Mtu aliyekwisha kufa hana kaka, beti. Haruhusiwi kulia. Na mimi nalia. Tangu Jumatatu nalia, siwezi kujizuia."

"Na hukuingia kwa Devi."

"Nitaingiaje? Mwenye msiba kwetu ana sutak, unajisi wa kifo. Hagusi kengele, hawashi taa, hakanyagi chumba cha Devi mpaka siku za msiba ziishe. Sanyasini hana sutak, kwa kuwa hana wa kumfia. Lakini mimi moyo wangu unayo. Nikiingia ninamdanganya Devi. Nikisema kwa nini siingii, kamati itasema huyu si sanyasini, aondoke. Na mimi nikiondoka, Mfuko utashikwa na nani?"

"Na mwenyekiti."

"Umejibu mwenyewe."

"Ndiyo maana walipokutaka uingie uape, ukakataa."

"Nilikataa!" Mataji aliinua kichwa, na sauti yake haikuwa tena ya mtu anayelia. "Waniite mwizi, wapende wasipende nitabaki kimya. Siwezi kusimama mbele yake na sutak ili niwafurahishe. Na hata bila ya msiba, beti, nisingekubali kuapishwa na mtu anayekula riba ya wajane."

Mwanakheri alisogea karibu. "Devi hakukaa na njaa Jumanne. Kuna mtu ulimpa ufunguo akakufanyia ibada, kisha akakurudishia. Ni nani?"

"Sitamtaja."

"Mataji, huyo ndiye aliyechukua sanduku!"

"Labda. Labda si yeye. Nilimwomba anifichie msiba wangu, akaniahidi. Mpaka leo hajamwambia mtu. Yeye kalitunza neno lake, mimi nilivunje langu kwa sababu naogopa jela?"

Hasira zilimpanda Mwanakheri mpaka masikioni. Alitaka kumshika bibi huyu mabega amtikise, na papo hapo alitaka kumbusu mkono. Miaka yake yote ya kazi alihoji watu waliokuwa tayari kuwauza mama zao wapate dhamana, na leo kapata mmoja anayemlinda aliyemwibia.

"Si mwanamke," alisema Mwanakheri polepole. "Mwanamke angembadilisha nguo. Huyu alifukiza udi, akapiga kengele, akaona kazi imekwisha. Ni Mhindi, maana mwingine usingempa ufunguo. Ni mtu wa kamati." Akamwinamia Mataji. "Jumatano, sanduku lilipokosekana, nani alikuwa wa kwanza kusema uingie uape?"

Rangi ilimtoka Mataji usoni. Ilionekana wazi kwamba swali hilo hakuwahi kujiuliza.

"Aliyejua una sutak," alisema Mwanakheri, "ndiye peke yake aliyejua jibu lako kabla hujalitoa."

"Alinililia kaka yangu pamoja nami," alisema Mataji kwa sauti ndogo. "Aliketi hapo ulipoketi wewe."

"Sitaki jina. Lifiche. Nakuomba siri yako tu, si yake. Iseme mwenyewe, mbele ya wote, leo."

"Wataniondoa."

"Watakuondoa leo kwa jina la mwizi, au watajaribu kukuondoa kesho kwa sababu umefiwa. Chagua unalolitaka."

Alasiri ukumbi ulijaa. Wanawake waliitwa kutoka kituoni, wakaingia na leso zao. Wazee wa kamati waliketi mbele, upande wa mlango wa shaba: Vrajlal katikati, mrefu, msafi, alama nyekundu katikati ya paji lake, na kulia kwake mzee Chunilal, wakili mstaafu anayejua sheria zote za dini na za serikali. Erastus alikuja na Landrova. Alisimama karibu na dirisha, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kupokea mzigo wake. Mataji alibaki barazani, kwenye viatu.

Mwanakheri alisimama. "Bwana Vrajlal, nataka maelezo yako yasikike na wote. Wiki hii uliingia chumba kile mara ngapi?"

"Mara moja tu." Vrajlal aliongea kwa utulivu. "Jumatano, mbele ya hawa wote. Mataji mwenyewe alinipa ufunguo nitoe sanduku. Nikaingia, halipo."

"Kabla ya hapo?"

"Sikuingia. Ibada ya wiki hii ilikuwa yake."

"Jumanne nani aliyepiga kengele?"

"Yeye. Musyoka alimwona."

"Wiki hii Mataji alikuwa na tatizo lolote unalolijua wewe? Kuumwa, kufiwa, lolote la kumzuia asiingie?"

Vrajlal alitabasamu kwa huruma. "Hakuna. Mzima kabisa. Watu wenye vazi lile hawana mambo ya nyumbani. Angekuwa na moyo safi angeingia akaapa, tukamaliza siku ile ile. Mimi naumia kuliko nyote. Huyu ni mama yangu wa kiroho."

Kutoka nyuma Mwanatatu alisema, "Mwongo!" Erastus akamkazia macho, naye akamkazia yake.

"Ahsante," alisema Mwanakheri. Akageukia barazani. "Mataji, sasa ni zamu yako."

Mataji aliinuka katikati ya viatu. Akakivuka kizingiti. Wanawake walimpisha, na yeye akaja moja kwa moja katikati ya ukumbi, hatazami kushoto wala kulia. Hakusimama mbele ya kamati. Aliipita. Alikuwa anakwenda kwenye mlango wa shaba.

Mwanakheri hakumtazama Mataji. Alimtazama Vrajlal. Kwanza aliona tabasamu likififia. Kisha akaona macho ya mtu yule yakimtazama Devi, yakimtazama Mataji, yakirudi kwa Devi. Hofu iliyokuwa humo haikuwa hofu ya polisi. Mataji alibakisha hatua mbili. Alinyoosha mkono.

Vrajlal aliruka. Alijitupa baina yake na mlango, mikono ameitanua, sauti imempasuka.

"Usiingie! Mataji, usimguse! Una sutak! Kaka yako amekufa Jumatatu, utamchafua Devi!"

Mtu aliyethubutu kumwibia Devi sanduku lililokuwa miguuni pake hakuweza kuvumilia kumwona akiguswa na mwenye msiba. Wizi, kwa hesabu zake, angeutolea sadaka yakaisha. Uchafu wa kifo mbele ya mungu wake hakuwa na hesabu nao.

"Amefiwa?" alinong'ona Nduku. "Mataji amefiwa?"

"Umejuaje?" Mwanakheri alimwuliza Vrajlal.

Mikono ya Vrajlal ilishuka. "Mimi... watu walisema."

"Watu gani? Mama Mwanatatu, wewe ulijua?"

"Wallahi sikujua! Ningejua ningekaa kimya mimi?"

"Nduku?"

"Hapana, madam."

"Wazee wa kamati?" Mzee Chunilal alitikisa kichwa, na wenziwe pia. "Kumbe hakuna. Na wewe sasa hivi umetwambia Mataji ni mzima kabisa, hana la kumzuia. Ulijua tangu Jumatatu. Hekalu hili halina simu; habari ilikuja dukani kwako. Alikuomba umpokee ibada, ukapokea na ufunguo. Ukatoka na sanduku. Halafu ukamtaka aape, kwa kuwa ulijua hataapa na hatasema kwa nini."

"Sikuwa naingia," alisema Mataji. Alikuwa bado amesimama pale pale, amemtazama Vrajlal bila ya chuki, na kumtazama huko kulikuwa kugumu kuliko kofi. "Nilitaka kusimama mahali ambapo Devi ananiona, nimwambie mwenyewe kwamba nalia. Jina lako nilikuwa sijalitaja, Vrajlalbhai. Wala nisingelitaja."

Vrajlal aliketi chini, palepale mlangoni.

Getini palisikika mguu wa mtu anayetaka kukimbia, na sauti ya wauza mihogo wawili waliomkalia njiani. Musyoka aliletwa bila ya kofia. "Mimi niliambiwa tu niseme!" alilia. "Nina deni lake tangu nizike mama yangu, aliniambia nikisema litafutwa! Sanduku liko dukani, nyuma ya mapipa ya rangi, hata kufuli hajavunja!"

Erastus alikohoa. "Inspekta, hebu tuzungumze nje kidogo."

"Tutazungumza, afande. Tutazungumza na habari ya mabati, ukipenda." Mwanakheri alizitoa pingu mkobani. "Lakini uliniambia kabla ya jua kutua, na mimi nafuata amri."

Alizifunga yeye mwenyewe. Wanawake hawakupiga vigelegele. Walikuwa wakimtazama Mataji.

Mzee Chunilal alisimama, akajisafisha koo. "Ya polisi yamekwisha, na mwizi amepatikana. Sasa yapo ya kwetu." Alimgeukia Mataji, na ilionekana kwamba hakupenda anachokwenda kukisema, lakini angekisema tu. "Sanyasini hana kaka. Anayemlilia kaka si sanyasini, na asiye sanyasini hawezi kutuongoza wala kukaa chumba cha hekalu. Jumapili kamati itakutana. Ujitayarishe kutoka."

Hili ndilo aliloliogopa Mwanakheri, na ndiye yeye aliyemwomba mwanamke huyu aliseme hadharani.

Mataji alijifuta macho kwa kiganja. Alikuwa mfupi, na bado kamati nzima ilionekana inamtazama kutoka chini.

"Chunilalbhai, kama rangi hii hairuhusu machozi, njoo uichukue, nitavaa nyeupe ya wajane. Sikuwakusanya wanawake hawa kwa rangi. Niliwaambia waje kwangu na ukweli, na mimi nimekaa hapa siku zote hizi nikiwaficha wa kwangu. Hilo ndilo kosa langu, na nimelimaliza leo. Jumapili sitakuja kikaoni. Nitakuwa nalia. Wekeni siku nyingine."

"Kanuni haingoji..."

"Itangoja."

Mwanatatu alikuwa amekwisha kuinuka. Alikuja na buibui lake, akapita mbele ya kamati pasipo kuomba njia, akamshika Mataji mkono, akamketisha sakafuni na kuketi ubavuni pake, bega kwa bega.

"Pole, mwenzangu," alisema. "Mungu akupe subira. Msiba wako ni wetu, nawe umetufanya wageni. Haya, twambie. Marehemu aliitwaje?"

Tangu Jumatatu hakuna aliyemwuliza swali hilo. Sauti ya Mataji ilipotoka ilitoka kubwa, ikasikika na Devi, na kamati, na polisi dirishani.

"Devshankar," alisema. "Kaka yangu aliitwa Devshankar."

Nduku akaja akaketi. Wakaja wa Shika Adabu, wakaja wa Changamwe, mmoja baada ya mwingine, mpaka sakafu yote ya ukumbi ikajaa wanawake kutoka mlango hadi mlango, na Mataji katikati yao akilia kwa sauti bila ya kujifunika. Mzee Chunilal alitafuta mahali pa kupita aondoke. Alitazama kulia, akatazama kushoto, hakuna aliyempisha. Ikambidi naye akae matangani.